Utaacha Lini Dawa?

"Mwanangu, umepungua vizuri kweli. Sasa hizo dawa za kisukari utaacha lini?"

Shangazi aliuliza huku amenishika kifundo cha mkono, akipima kwa vidole jinsi nilivyokonda. Waliokuwepo wote wakanigeukia. Nikasema, "Tutaona, shangazi," na mazungumzo yakahamia kwingine.

Yao yalihamia. Mimi niliondoka na lile swali, na kwa wiki kadhaa limenikaa kichwani.

Swali lenyewe lina upendo ndani yake, sina ugomvi nalo. Kinachonisumbua ni imani iliyojificha chini yake: kwamba mgonjwa wa kisukari mwenye nidhamu huishi kwa chakula na mazoezi, na vidonge ni vya wale walioshindwa kujizuia. Ukipungua unasamehewa dawa. Ukinenepa unaongezewa. Nenda kaketi kwenye benchi la kliniki usikilize. Aliyepunguziwa dozi anaitangaza habari hiyo hata hajaulizwa, na wenzake wanampongeza. Aliyeongezewa anakunja karatasi yake taratibu na kuitia mfukoni.

Karatasi ile ya kukunjwa ndiyo iliyonifanya niandike.

Asubuhi, bila kutia kitu mdomoni

Chukua usiku mmoja wa nidhamu kamili. Umekula mapema, nusu sahani mboga, wanga kiasi cha ngumi. Umetembea baada ya kula. Umelala saa za kutosha. Asubuhi unanawa mikono kwa sabuni, maana hata majimaji ya tunda yaliyokauka kidoleni yanatosha kuidanganya mashine ya kupimia sukari. Unakausha. Unajichoma ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, kwa sababu katikati panauma zaidi na ndiko unakoshikia vitu kutwa nzima. Unagusisha tone la damu kwenye kistripu. Mashine, inayosoma sukari kwa milimoli kwa lita, inahesabu kurudi nyuma.

8.7.

Na juzi yake, baada ya mlo ambao hata sitausimulia hapa, ilikuwa 7.4.

Mtu anayeishi na kisukari anajua hasira ya asubuhi hiyo. Huna wa kumlaumu ila wewe mwenyewe, na ukijikagua huoni kosa. Unaanza kutafuta: ni lile tunda? Ni ile karanga? Unaamua kesho utakula kidogo zaidi, na kesho yake inakuja 8.9.

Maelezo yako kwenye ini. Ini ni ghala la sukari ya mwili. Ukila, linaweka akiba. Usipokula, linaitoa, na pia linaweza kutengeneza glukosi mpya kutoka kwenye vitu visivyo sukari. Kuelekea alfajiri mwili humwaga homoni za kukuandaa kuamka, kortisoli na homoni ya ukuaji zikiwemo, na ini hufungulia. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho huongeza kidogo insulini, homoni ya kushusha sukari, na mambo yanaishia hapo. Kwa mwenye kisukari aina ya 2, ini haliisikii insulini sawasawa, na kongosho nalo halina nguvu ya kuongeza ya kutosha. Sukari inapanda ukiwa umelala fofofo, tumbo tupu.

Kuna asubuhi mashine inasoma ini lako. Haisomi tabia yako.

Nilipoelewa hivyo, sikuacha kupima. Niliacha kujihukumu kabla ya chai, jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko kilo zote nilizopunguza. Sasa nikiona namba ya asubuhi imekaa juu siku kadhaa mfululizo naiandika, na naipeleka kwa daktari kama taarifa.

Kidonge na mmea wake

Kazi kubwa ya metformini, kidonge ninachomeza, iko hapo hapo kwenye ini: inalipunguzia kasi ya kutengeneza na kumwaga sukari. Hailikamui kongosho litoe insulini zaidi, ndiyo maana ikitumiwa peke yake ni nadra kuiangusha sukari kupita kiasi. Kupungua uzito nako hulisaidia ini, hasa mafuta yaliyojikusanya ndani yake yakipungua. Lakini hizo ni njia mbili zinazokutana mahali pamoja. Ukitumia zote mbili, hakuna iliyoaibishwa.

Wapo wanaonishauri niache "kemikali" nirudi kwenye mitishamba. Huwa nawaambia metformini ina ukoo na mmea. Galega, mmea wenye maua ya zambarau, ulitumiwa zamani katika tiba za kienyeji za Ulaya. Una galejini, kitu kinachoshusha sukari lakini kina sumu. Wanakemia walitafuta jamaa zake walio salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuwatibu watu kwa metformini. Uingereza iliipokea mwaka uliofuata. Marekani iliiidhinisha mwishoni mwa 1994 tu, kwa kuwa fenformini, dawa ya ukoo huo huo, ilikuwa imeondolewa sokoni miaka ya 1970 baada ya kusababisha tindikali ya laktiki kuzidi kwenye damu.

Kwa hiyo ninayemeza ni mjukuu wa mtishamba, aliyepimwa kwa gramu, na anayemmeza huchunguzwa figo.

Tumbo, ndiyo, linasumbua mwanzoni. Kichefuchefu, kuharisha, ladha ya chuma mdomoni. Kuanza na dozi ndogo, kumeza pamoja na chakula, au kuomba ile inayoyeyuka taratibu, vyote husaidia. Nasikitika kwamba watu wengi huacha dawa kwa sababu ya tumbo la wiki za mwanzo bila kumwambia mtu, halafu miezi baadaye wanashangaa kipimo kimeruka.

Misuli haisubiri insulini

Somo la mazoezi tumelisikia sana kama somo la kupunguza mwili, na hapo ndipo linapopoteza watu. Uzito hushuka polepole, wakati mwingine haushuki kabisa, na mtu anaacha kutembea akidhani kutembea hakufanyi kazi.

Kumbe kulikuwa kunafanya kazi siku ile ile.

Msuli ukijikunja unafungua mlango wake wa sukari wenyewe. Protini zinazobeba glukosi husogea hadi kwenye utando wa chembe na kuiingiza ndani hata kama insulini ni haba au haisikilizwi. Baadaye, kwa muda wa siku moja hadi mbili, msuli huo unabaki mwepesi zaidi kuitikia insulini, kisha hali inarudi ilivyokuwa. Ndiyo sababu ushauri wa kawaida ni angalau dakika 150 kwa wiki, na usipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya chochote. Kukimbia kilomita nyingi Jumamosi halafu kukaa hadi Jumamosi ijayo hakukusaidii Alhamisi.

Nilitaka kuliona hilo kwa macho yangu. Nikala mlo uleule, kiasi kilekile, siku mbili tofauti, nikapima saa mbili baada ya kuanza kula. Siku niliyokaa kitini: 11.6. Siku niliyosimama nikatembea mara tu baada ya kula, mwendo wa mtu anayewahi basi: 8.8. Najua siku mbili za mtu mmoja si utafiti. Usingizi, wasiwasi, hata mafua huchezea namba hizo. Lakini nimerudia mchezo huo mara nyingine, na mwelekeo umekuwa ule ule kiasi cha kunitoa kitini.

Jambo moja linawachanganya watu: zoezi zito la ghafla, kama kunyanyua vyuma vizito au kukimbia kwa kasi, linaweza kuipandisha sukari kwa muda. Adrenalini huliambia ini litoe akiba. Hushuka baadaye. Usiliache zoezi kwa sababu ya namba ya dakika ile. Tena misuli ndiyo hifadhi kubwa ya sukari unayokula, kwa hiyo vyuma, au hata kusukuma sakafu, vina nafasi yake kando ya kutembea.

Kwenye sahani

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kila mwenye kisukari ameshasomewa orodha ya marufuku hadi amechoka, mara nyingi na watu wasio na kisukari.

Sizipendi orodha hizo. Zinamfanya mtu aogope tunda zima na kunywa juisi yake, wakati glasi moja imebeba sukari ya matunda kadhaa bila nyuzinyuzi za kuichelewesha. Zinamfanya aache sukari ya chai lakini aijaze sahani wali, kana kwamba wanga hauishii kuwa glukosi. Na asali, kwa heshima zote za nyuki, ni sukari.

Kilichonisaidia zaidi ni vitu vinavyochosha kusimulia. Vinywaji vitamu nilivitoa kabisa. Wanga niliupunguza bila kuufukuza. Mboga na protini naanza nazo, wanga nauacha mwisho. Mpangilio huo umeonekana katika tafiti ndogo kupunguza mruko wa sukari baada ya mlo, na hauna gharama yoyote. Mengine naiachia mashine iniambie, kwa kuwa miili haifanani.

Wale walioacha kweli

Sasa nirudi kwa shangazi, maana swali lake si la kipuuzi hata kidogo.

Wapo walioacha dawa na sukari ikabaki chini. Utafiti wa DiRECT, ulioongozwa na Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle na Mike Lean wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ulichapisha matokeo yake ya kwanza mwishoni mwa 2017. Washiriki wa kundi la tiba walisimamishiwa dawa za sukari na za presha siku ya kwanza, wakiwa chini ya uangalizi, wakapewa vinywaji maalumu badala ya milo, takribani kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Kisha chakula kikarudishwa hatua kwa hatua. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa wametoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86.

Niliposoma namba hiyo ya mwisho nilishindwa kulala.

Maelezo ya Taylor ni kwamba mafuta yaliyozidi hujaa ini, kisha hufurika hadi kwenye kongosho na kuzinyamazisha chembe zinazotengeneza insulini. Yatoe mafuta, na baadhi ya chembe huamka. Ni maelezo yenye matumaini, na mimi si mtu wa kuyabeza.

Ila nikasoma tena, polepole. Washiriki wote walikuwa wamegundulika ndani ya miaka sita. Hakuna aliyekuwa kwenye insulini. Baada ya mwaka wa pili, waliobaki bila dawa na bila sukari ya juu walikuwa asilimia 36, na waliorudi nyuma kwa kawaida walikuwa wamerudisha uzito. Wataalamu wenyewe walipokubaliana mwaka 2021 jina la hali hiyo, hawakuita kupona. Waliiita nafuu: kipimo cha HbA1c, yaani wastani wa sukari ya miezi kadhaa, chini ya asilimia 6.5 kwa miezi mitatu au zaidi bila dawa ya sukari, na mtu aendelee kupimwa.

Kwa hiyo kwa aliyegundulika juzi, mwenye uzito wa kupunguza na daktari wa kumsimamia, ningemwambia alichukulie jambo hili kwa uzito wote, na mapema. Kwangu mimi, miaka hiyo sita ilishapita zamani. Sijafunga mlango. Lakini sitaupima uadilifu wangu kwa mlango huo.

Na tafadhali: waliosimamishiwa dawa walikuwa wanapimwa. Kuziacha kimyakimya nyumbani ni jambo jingine kabisa.

Kidonge cha pili

Wiki chache baada ya swali la shangazi, majibu yangu ya HbA1c yalitoka. Kipimo hiki huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kwa sababu glukosi hujibandika kwenye himoglobini na seli nyekundu huishi takribani siku 120. Uzito ulikuwa umeshuka. Kutembea sikuwa nimeacha. Kipimo kilisema asilimia 7.9.

Daktari akasema, "Nafikiri tuongeze dawa ya pili."

Wengine wananiuliza nitaacha lini, huyu anaongeza. Nikamuuliza, "Kwa hiyo daktari, nimerudi nyuma?"

"Hapana. Kongosho ndilo lililochoka. Bila hizo kilo ulizopunguza, huenda leo tungekuwa tunaongeza mbili."

Nilikwenda kusoma zaidi kuhusu kauli hiyo, maana madaktari nao huwa wanatufariji. Utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, ulioanza mwaka 1977, uliwafuatilia watu zaidi ya 5,000 waliokuwa wamegundulika karibuni. Tangu siku ya kugundulika, kongosho lilikuwa limeshapoteza takribani nusu ya uwezo wake. Baada ya miaka 3, karibu nusu tu ndio waliobaki chini ya asilimia 7 kwa tiba ya aina moja. Baada ya miaka 9, ni karibu robo. Sioni jinsi watu wote hao walivyoweza kuwa wavivu kwa mpangilio mmoja namna ile. Ni ugonjwa wenye mwendo wake.

Uamuzi ulibaki ni dawa gani, na hapo mazungumzo yakawa marefu kuliko nilivyozoea.

Jamii ya glibenklamidi ni kongwe. Ukoo wake uligunduliwa mwaka 1942 huko Montpellier, Ufaransa, daktari Marcel Janbon alipokuwa akiwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa dawa mpya ya salfa na kuona sukari yao inaanguka. Ni bei nafuu na ina nguvu, lakini inalisukuma kongosho litoe insulini hata usipokula. Mtu anayetembea baada ya kila mlo kama mimi anaweza kujikuta chini ya 3.9 kwenye mashine, jasho jembamba, mikono inatetemeka, akili inaruka. Tiba yake ni gramu 15 za sukari ya haraka, kusubiri dakika 15, kupima tena. Chokoleti haifai hapo; mafuta yake yanachelewesha.

Nyingine huzifanya figo zimwage sukari kwenye mkojo. Wazo lake lilitoka kwenye florizini, kitu kilichopatikana kwenye gome la mtofaa mwaka 1835. Tafiti tangu 2015 zimeonyesha baadhi yake hulinda moyo na figo za wagonjwa wenye hatari kubwa. Kero yake ni fangasi sehemu za siri na kupungukiwa maji. Kisha zipo sindano zinazoiga homoni ya utumbo, zinazopunguza hamu ya kula.

Nikauliza swali la mwisho: kwa nini tusiishushe tu HbA1c hadi chini ya asilimia 6, tumalizane nayo? Daktari akanitajia ACCORD, utafiti wa Amerika Kaskazini wenye washiriki zaidi ya 10,000, watu wenye kisukari cha miaka mingi na hatari kubwa ya moyo. Kundi lililobanwa lishuke chini ya asilimia 6 lilipata vifo vingi kuliko kundi lililoachwa kati ya 7 na 7.9. Sehemu hiyo ilisimamishwa mwaka 2008 kabla ya wakati.

Tukakubaliana lengo: asilimia 7, au karibu nalo, bila sukari kuanguka. Lengo hilo ndilo lililoamua dawa. Nilichukua ile ya figo.

Karatasi sikuikunja.

Wasichouliza

Kuna jambo moja limenishangaza katika wiki hizi zote. Watu wameniuliza kuhusu vidonge, uzito, wali, asali. Hakuna aliyeniuliza kuhusu miguu.

Safari hii mhudumu wa kliniki aliniambia nivue soksi na nifumbe macho. Akawa ananigusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni, anaubonyeza hadi upinde, na mimi niseme "ndiyo" kila ninapohisi. Kidole gumba, chini ya vidole, pembeni. Uzi huo umetengenezwa kupinda kwa nguvu ya gramu 10. Asiyeuhisi anaweza kukanyaga msumari asijue. Upande wa kulia niliuhisi kote. Wa kushoto, chini ya kidole kidogo, alilazimika kurudia. Ameandika turudie baada ya miezi sita, na amenipa kazi ya kutazama nyayo kwa kioo kila jioni na kutotembea peku, hata ndani ya nyumba.

Tukapanga na picha ya nyuma ya macho, kipimo cha protini kwenye mkojo, na kiwango cha vitamini B12, kwa sababu metformini ya miaka mingi inaweza kuishusha na upungufu wake pia huleta ganzi miguuni. Hilo la mwisho nililiomba mwenyewe. Kama umeimeza kwa miaka na hujawahi kupimwa B12, liombe na wewe.

Majibu yanatoka mwezi ujao. Yakiwa na la kusimulia, nitaandika.